Tamko la Umoja wa Wafanyabiashara wa Soko Kuu kuhusu Mvutano wa Bajeti katika Baraza la Madiwani la Manispaa



Sisi wafanyabiashara wa soko kuu la manispaa hii, wenye vizimba, meza na maduka ya pembeni, pamoja na mama lishe, wapagazi na wasukuma mikokoteni ambao riziki yao inatoka humu, tumekutana katika mkutano mkuu wa dharura na kukubaliana kutoa tamko hili. Limetulazimu kwa sababu diwani mmoja wa viti maalum amekataa kuunga mkono rasimu ya bajeti ya mwaka wa fedha ujao, na tangu siku hiyo anatangazwa mitaani kuwa ni mpinga maendeleo. Tumemsikiliza yeye. Tumeusikiliza pia uongozi wa Manispaa. Katika jambo kubwa tunaona Mheshimiwa Diwani yuko sahihi. Katika jambo moja hayuko sahihi. Tutayasema yote mawili.

Kwanza kilichotokea, maana kimeshasimuliwa kwa namna nyingi. Rasimu iliyopitishwa na Kamati ya Fedha na Uongozi ilifika barazani ikiwa na miradi mitatu mikubwa ya kugharimiwa kwa mapato ya ndani: ukumbi mpya wa mikutano kwenye uwanja wa ofisi za Manispaa, uzio wa kuzunguka uwanja huo, na gari la uongozi. Soko nalo limo, kwenye mstari mmoja wa ukarabati mdogo. Mheshimiwa Diwani alisimama akaomba miradi hiyo mitatu isogezwe nyuma na soko lisogezwe mbele: mitaro ya ndani, vyoo, taa, na njia ya kupita gari la zimamoto. Hoja ikapigiwa kura, ikaanguka. Akaomba basi kutokubali kwake kuandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Ni ombi hilo la pili, wala si lile la kwanza, lililoamsha hasira.

Kura ilipigwa kihalali na waliokuwa wengi wameshinda. Hatuombi matokeo yafutwe kwa kelele za sokoni. Lakini rasimu iliyopita barazani bado ina safari ya kwenda mkoani, kisha TAMISEMI, kisha Wizara ya Fedha na Bunge, kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai 1. Kila kituo katika safari hiyo kimewekwa ili jambo liangaliwe upya. Anayesema mjadala umefungwa anajua kwamba haujafungwa.

Limesemwa pia neno ambalo limewakera wanachama wetu wengi, hasa wanawake, ambao ndio wengi sokoni. Limesemwa kwamba diwani huyu hana kata, kwa hiyo anasemea wapi? Diwani wa kata lilipo soko alipiga kura ya ndiyo. Huyu wa viti maalum kaingiaje? Tunajibu kwa sheria. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 inamfanya diwani wa viti maalum kuwa mjumbe wa Baraza kama mjumbe mwingine yeyote, mwenye haki ya kuhoji, kutoa hoja na kupiga kura. Bajeti ya manispaa haigawanywi kwa mipaka ya kata. Mwanamke anayeuza dagaa hapa analala kata nyingine, ananunua mzigo kwenye kata ya tatu, na ushuru wake unaingia kwenye akaunti moja ya Manispaa. Kama kuna diwani ambaye soko zima ni eneo lake la kazi, ni huyu ambaye hana kata.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana hapa ndipo penye ubishi wenyewe.

Miongozo ya bajeti ya miaka ya karibuni imezitaka halmashauri zenye makusanyo makubwa kutenga asilimia kubwa ya mapato ya ndani yasiyolindwa kwa ajili ya miradi ya maendeleo, na zenye makusanyo madogo asilimia ndogo zaidi. Mapato yaliyolindwa, yaani yale ambayo tayari yana kazi yake maalum, kama fedha wanazochangia wagonjwa kwenye vituo vya afya, hayaguswi katika hesabu hiyo. Ni utaratibu mzuri na tunauunga mkono, kwa sababu bila ya huo makusanyo yote yangeishia kwenye posho, mafuta ya magari na chai ya vikao. Uongozi unatuambia kwamba rasimu imetimiza kiwango. Hatubishi. Tunachohoji ni kilichoingizwa humo. Ukumbi umeandikwa upande wa maendeleo. Uzio umeandikwa upande wa maendeleo. Gari nalo, kwa kuwa ni mali ya kudumu, limeandikwa huko huko. Kihasibu huenda hakuna kosa, na mkaguzi akija atakuta kila risiti mahali pake. Lakini asilimia ile iliwekwa ili fedha zitoke nje ya uwanja wa ofisi ziwafikie wananchi. Ikiwa sehemu kubwa yake inazunguka na kurudi ndani ya uwanja ule ule, na uzio juu, basi mwongozo umetimizwa kwenye karatasi tu.

Hii ndiyo hoja ya Mheshimiwa Diwani, na hatujasikia mtu aliyeijibu. Kilichojibiwa ni hoja ambayo hakuitoa. Hakusema Manispaa isiwe na ukumbi. Hakusema Mstahiki Meya aende kwa bodaboda. Alihoji kitangulie nini.

Kwa nini soko litangulie? Tusiseme kwa sababu ni letu, maana kila kundi lingesema hivyo, na wenye zahanati isiyo na nyumba ya mganga wangekuwa na haki ya kutucheka. Tunasema kwa sababu soko ni mahali ambapo Manispaa inakusanya. Asubuhi mapema, kabla mama hajauza fungu la kwanza la nyanya, mkusanyaji wa ushuru anapita na mashine yake. Kuna pango la kizimba, kuna ushuru wa kushusha mzigo, kuna ada ya taka, kuna ya choo. Wenye maduka wana leseni na ushuru wa huduma. Fedha hizi haziletwi na mfadhili wala hazisubiri mgao wa Hazina. Zinaingia kila siku, mvua na jua.

Halafu masika yanafika. Mtaro wa katikati unafurika, maji machafu yanapanda hadi kwenye meza za mboga, na mteja mwenye viatu vizuri anageuza njia. Wauzaji wanamfuata huko alikogeukia: barabarani, kituo cha daladala, kwenye kona za makazi. Huko hakuna kizimba, kwa hiyo hakuna pango. Mgambo wanatumwa kuwafukuza, na mgambo nao wanalipwa. Jioni hali ni hiyo hiyo. Kwa kukosa taa, soko linafungwa giza likiingia, saa ambazo wafanyakazi ndio kwanza wanatoka kazini na wangependa kupitia mboga. Makusanyo yakishuka, Baraza linaambiwa wafanyabiashara wanakwepa ushuru. Ng'ombe hakamuliwi miaka yote bila kulishwa, kisha akalaumiwa kwa kukauka. Mheshimiwa Diwani aliliambia Baraza kwamba shilingi itakayowekwa kwenye mitaro na taa itarudi kupitia mashine zile zile za ushuru, wakati shilingi itakayowekwa kwenye uzio haitarudi. Wapo waliocheka. Sisi tunaofungua vizimba hatukuona cha kuchekesha.

Tumeambiwa pia kwamba mtaro si wa Manispaa, ni wa TARURA. Hilo lina ukweli nusu, na tunawaomba wenzetu wa sokoni waache kulaumu ofisi isiyohusika kwa nusu hiyo. Tangu Wakala huo wa Barabara za Vijijini na Mijini ulipoanza kazi Julai 2017, barabara za mitaani pamoja na mitaro yake ziliondoka mikononi mwa halmashauri. Mtaro wa nje unaopita kando ya barabara ya kuingilia soko ni wa Wakala, na ombi la kuuzibua tumelipeleka huko. Ila mtaro wa ndani, unaoanzia kwenye machinjio ya kuku na kupita chini ya meza za samaki, uko ndani ya eneo la soko na ni wa Manispaa. Maji hayajui mpaka wa taasisi: ukizibua wa nje ukaacha wa ndani, tope linabaki kwetu, ukizibua wa ndani ukaacha wa nje, linarudi. Tulitegemea Kamati ya Mipango Miji na Mazingira iwaite watu wa Wakala wakae meza moja. Badala yake kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole, na sisi tunanunua viatu vya mvua.

Kuhusu moto tutasema machache, kwa sababu machache yanatosha. Usiku wa Julai 10, 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliungua, jengo lililofunguliwa mwaka 1975 na lililokuwa fahari ya nchi nzima. Januari 2022 likaungua soko la Karume, Ilala. Wengi wa waliopoteza mitaji hawakuwa na bima, kama ambavyo wengi wetu hatuna. Katika soko letu njia kuu imebanwa na vibanda, vingine vikiwa vya wanachama wetu wenyewe, kiasi kwamba gari la zimamoto haliwezi kufika katikati. Umoja unakiri kwamba kusafisha njia hiyo kutawahamisha baadhi yetu, na umeazimia kushirikiana na Manispaa kuwapanga upya. Lakini huwezi kumhamisha mtu bila meza ya kumhamishia, na meza hiyo ndiyo isiyokuwemo kwenye rasimu.

Sasa pale ambapo hatukubaliani na Mheshimiwa Diwani. Katika mchango wake alipendekeza kwamba, iwapo ukumbi na gari haviwezi kuguswa, basi sehemu ya fungu la mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ielekezwe sokoni, kwa kuwa wanufaika wengi wa mikopo hiyo wanafanya biashara humo humo. Tunaelewa alikotoka. Hatuungi mkono. Fungu hilo ni la kisheria: tangu marekebisho ya mwaka 2018 katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, asilimia 10 ya mapato ya ndani ni mikopo isiyo na riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Tunakumbuka jinsi fungu hilo lilivyochezewa kwa vikundi hewa hadi Serikali ikalisimamisha Aprili 2023, na vikundi halali vikakaa bila mkopo mpaka liliporejeshwa mwaka 2024. Humu sokoni wamo waliouza mashine za kukamulia juisi ili kuziba pengo hilo. Mtaro ni wajibu wa mwenye soko. Mkopo ni haki ya mkopaji. Tukikubali leo fungu la mkopo lijenge mtaro, kesho litajenga uzio, na tutakuwa tumeufungua mlango sisi wenyewe. Tumemweleza hivyo Mheshimiwa Diwani ana kwa ana, amesikiliza, na tunaamini hataurudia ushauri huo.

Tuseme pia neno la haki kwa upande wa uongozi. Mkurugenzi wa Manispaa hana mfuko wa jirani wa kukopa. Kwa miaka mingi halmashauri zimekuwa zikiondolewa vyanzo vyake kimoja kimoja. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003. Kodi ya majengo ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato mwaka 2016, na tangu 2021 mwananchi anailipa akinunua umeme wa LUKU. Vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vilivyoanza kutolewa Desemba 2018 kwa shilingi 20,000 viliwapa nafuu wengi wetu, lakini vilipunguza ushuru mdogo mdogo uliokuwa ukiingia kila siku. Hakuna diwani wa manispaa hii aliyeyapigia kura mambo hayo, lakini diwani ndiye anayesimamishwa njiani kuulizwa kwa nini dampo halizolewi. Tunatambua pia kwamba Baraza linakutana katika ukumbi mdogo wenye joto, na wananchi wanaokuja kusikiliza wanasimama dirishani. Ukumbi una hoja yake. Gari nalo, kwa ubovu wa lile lililopo, huenda lina hoja yake. Uzio tumejaribu kuutafutia hoja hatukuipata.

Lakini ufinyu wa fedha ndio hasa unaofanya mpangilio kuwa jambo zito. Mwenye nyingi anaweza kukosea mpangilio na bado akafika. Asiye nazo akitanguliza uzio, soko linasubiri mwaka mzima, na mwaka wa soko una masika na vuli ndani yake.

Jambo la mwisho kabla ya madai yetu ni uwazi. Katika tamko hili hatukutaja kiasi cha fedha cha mradi wowote, na tumefanya hivyo kwa makusudi. Takwimu zinazozunguka kwenye simu zimetofautiana sana, na kitabu cha rasimu hakijabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa Manispaa wala wa kata. Umoja hautashindana na Manispaa kwa tarakimu za kusikia. Ibara ya 18 ya Katiba inampa mwananchi haki ya kupewa taarifa, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku zisizozidi 30 kujibu ombi. Ombi letu la maandishi limeshapokelewa masjala na nakala yetu ina mhuri. Hatuombi jambo geni. Mwaka 2016 Manispaa ya Kigoma Ujiji iliingia kwenye majaribio ya kimataifa ya uwazi wa serikali za mitaa, ikiwa miongoni mwa mamlaka 15 tu duniani, kabla ya nchi yetu kujitoa mwaka uliofuata katika mpango wa kimataifa uliokuwa ukiyaendesha. Kama manispaa ya Kitanzania iliweza kuthubutu wakati ule, kubandika karatasi chache ubaoni hakuwezi kuwa mzigo.

Kwa hiyo tunadai rasimu irejeshwe kwenye Kamati ya Fedha na Uongozi kabla haijaondoka mkoani, na kamati hiyo ikae pamoja na Kamati ya Mipango Miji na Mazingira ili mitaro ya ndani, taa na njia ya zimamoto vipewe fungu lake katika mwaka wa fedha ujao. Vyoo tunakubali visubiri mwaka unaofuata, mradi viandikwe na visifutwe. Uzio uahirishwe. Ukumbi ujengwe kwa awamu, na awamu ya kwanza isizidi kile kitakachotengwa kwa soko. Kuhusu gari hatuna msimamo wa pamoja; mkutano wetu uligawanyika karibu nusu kwa nusu, na tumeona ni uungwana kusema hivyo kuliko kuwasingizia wanachama kauli moja. Tunadai pia wawakilishi wa soko waalikwe kwenye mapitio ya bajeti ya nusu mwaka, kwa sababu ndipo mafungu yanapohamishwa kimya kimya.

Kuhusu Mheshimiwa Diwani mwenyewe: tumepata habari kwamba ameitwa na vikao vya maadili vya chama chake. Umoja wetu hauna chama, na wanachama wake wako katika vyama tofauti. Hatuwafundishi wenye chama namna ya kuongoza watu wao. Tunachokumbusha ni kwamba diwani akifutwa uanachama udiwani wake nao unakwisha, na kwamba kosa linalotajwa ni kuomba msimamo wake uandikwe kwenye muhtasari. Muhtasari ni kumbukumbu ya kilichosemwa kikaoni. Kama kilichosemwa hakipaswi kuandikwa, katibu wa kikao anakaa pale kufanya nini?

Tumesikia minong'ono kwamba wafanyabiashara watagoma kulipa ushuru. Hakuna azimio la namna hiyo na Umoja unalikataa. Ushuru tutaendelea kulipa kwa mashine, na kila mwanachama anatakiwa kudai risiti na kuitunza, kwa kuwa kuanzia wiki hii kamati ya soko inakusanya nakala za risiti ili tujue wenyewe soko linaingiza kiasi gani. Hesabu hiyo tutaipeleka kwa Mkurugenzi, nakala kwa Mstahiki Meya, Mkuu wa Wilaya na madiwani wote, wa kata na wa viti maalum. Mkutano wa kawaida wa Baraza ni wa wazi kwa wananchi. Katika mkutano ujao wanachama wetu watahudhuria kwa zamu, bila mabango wala vuvuzela, na watakaokosa kiti watasimama dirishani.

Limetolewa na Mwenyekiti na Katibu wa Umoja kwa niaba ya mkutano mkuu wa wanachama, sokoni.